Ncha za mazoezi zinapiga, vigumba vinakosa: kutafuta kosa la mshale wa masafa marefu

Ilikuwa Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje kidogo ya Gunnison, Colorado, Marekani. Shemeji yangu alikuwa amesimama mita 55 kutoka kwenye shabaha ya povu. Alishapiga mishale mitatu yenye ncha za mazoezi, na yote mitatu ungeifunika kwa kiganja. Akaufungua wa nne, akafunga kigumba kipya kilichotoka kwenye pakiti usiku uliotangulia, uzito uleule wa greni 100, karibu gramu 6.5. Akavuta, akatulia, akaachia. Mshale ukatua shubiri moja na nusu kushoto. Akarudia. Kushoto tena, palepale.

"Shem, vigumba hivi vibovu. Navirudisha dukani."

"Usivirudishe kwanza. Hebu tuone vinasema nini."

Asubuhi ile tulimaliza saa nne, na vigumba havikurudishwa. Nimeona watu wengi wakibadilisha vigumba pakiti baada ya pakiti, wakitafuta kile "kinachopaa kama ncha ya mazoezi", huku kosa liko kwenye upinde, kwenye wano, au kwenye kiganja chao wenyewe. Katika umbali mrefu kigumba hufichua kosa ambalo lilikuwepo siku zote. Kwa hiyo ukitaka kuchagua kigumba, anza kwa kujua kinachokusumbua ni nini.

Maneno kwanza, tusipotezane. Kigumba ni ncha pana yenye makali, ya kuwindia. Ncha ya mazoezi ni ile ya mviringo kama risasi. Wano ni ufito wa mshale wenyewe, siku hizi wa kaboni. Egemeo ni pale mshale unapolala juu ya upinde. Upote ni kamba ya kuvutia, na kishikizo ni kile kiplastiki cha nyuma kinachoung'ata. Ninaposema upinde, nazungumzia upinde wa kapi, ule ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969. Na ninaposema mbali, nina maana ya mita 45 hadi 60.

Nimejifunzia haya Colorado, kwenye uwindaji halali wa elki (mnyama mkubwa wa jamii ya ayala) na ayala wa kawaida, kwa leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Ukiwa kwingine, fuata sheria ya ulipo.

Kabla ya dalili yoyote: pekecha mshale

Hili lisipofanyika, mengine yote ni kubahatisha. Weka kigae au kipande cha kioo mezani. Simamisha mshale wima, ncha ya kigumba ikiwa chini, kisha uupekeche katikati ya viganja kama mtu anayewasha moto wa vijiti. Inama, tazama pale kigumba kinapokutana na wano.

Mshale mzima husimama kana kwamba hauzunguki. Mshale wenye kasoro huonyesha ukungu mwembamba pale kwenye kiungo, kama picha iliyotikisika, na ukiugusa kwa ncha ya kidole unasikia mtetemo. Mtetemo huo ambao macho karibu hayauoni, kwenye mita 55 unaweza kuwa sentimita 15.

Ukiuona, hamisha kigumba kwenye mshale mwingine. Ukungu ukihama nacho, kigumba kimepinda, kitupe. Ukibaki kwenye wano, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ama mdomo wa wano haukukatwa mraba, uusawazishe kwa msasa laini taratibu huku ukiuzungusha. Ama soketi ya chuma iliyogandishwa ndani imekaa kombo au imelegea. Gundi ya moto hulegea ukiacha mishale ndani ya gari juani, na watu hawalijui hili mpaka kigumba kibaki ndani ya shabaha na wano lirudi mkononi tupu.

Asubuhi ile, katika mishale sita ya shemeji, miwili ilikuwa na ukungu. Tukaiweka pembeni. Minne iliyobaki ikaenda kushoto vilevile. Hapo tukajua tatizo ni kubwa kuliko mshale mmoja.

Vigumba vyote vinakwenda upande mmoja, tena kwa pamoja

Hii ndiyo dalili nzuri kuliko zote, ingawa humtia mtu hasira. Vigumba vikikusanyika mahali pamoja, hata kama ni mbali na ncha za mazoezi, wewe unapiga vizuri. Kinachohitaji kurekebishwa ni upinde.

Fikiria hivi. Nyoya za nyuma ni mabawa yanayounyoosha mshale. Makali ya kigumba nayo ni mabawa, ila yako mbele. Mshale ukitoka kwenye upinde umekaa kombo kidogo, ncha ya mazoezi haina pa kushika upepo, kwa hiyo nyoya zinaunyoosha bila upinzani na kosa linafichika. Ukifunga kigumba, mbele nako kunashika upepo na kuanza kuuelekeza mshale kabla nyoya hazijafanya kazi yake. Kosa lilelile la upinde sasa linaonekana kwa macho.

Dawa yake ni kusogeza egemeo. Kanuni ni rahisi kukumbuka: sogeza egemeo upande ule unaotaka vigumba viende. Viko kushoto mwa ncha za mazoezi? Egemeo liende kulia. Viko chini? Pandisha egemeo. Usizidishe nusu milimita kwa hatua moja. Piga vigumba vitatu na ncha tatu, tazama, sogeza tena. Anzia mita 20, ukiona vimeungana rudi 30, halafu 45, halafu 55. Na usipige vyote kwenye alama moja, utakata nyoya za mishale yako mwenyewe. Weka alama mbili kwa usawa mmoja.

Wakati huo wote usiguse pini za kulengea. Ni kosa ninaloliona kila mwaka: mtu anasogeza pini kufuata vigumba, vinapiga, anaridhika. Amelificha kosa kwa mara ya pili. Mshale bado unatoka kombo, na siku ya upepo utamuumbua. Pini zinaguswa mwisho, vigumba na ncha vikishakuwa kundi moja.

Ukisogeza egemeo hadi milimita tatu na pengo halipungui, acha. Tatizo liko pengine. Angalia kwanza kama nyoya zinagusa egemeo wakati wa kutoka: zinyunyizie poda ya miguu, piga mshale mmoja, utaona alama palipoguswa. Kisha angalia kapi: vuta upinde huku mwenzako akitazama kwa nyuma kama kapi linalala upande. Kulirekebisha kunahitaji kibanio cha kukandamiza upinde, na kama huna, mpelekee fundi. Upinde ulioshikiwa nguvu unaweza kumuumiza mtu vibaya.

Kisha lije wano. Namba iliyoandikwa ubavuni, tuseme 340, maana yake wano hilo likishikwa kwenye nafasi ya inchi 28 na kuning'inizwa gramu 880 katikati, linapinda inchi 0.340, karibu milimita 8.6. Namba ndogo ni wano gumu. Ila ugumu huo ni wa mezani. Kwenye upinde, uzito wa kigumba, urefu wa wano na nguvu ya kuvuta vyote hubadilisha namna linavyopinda likisukumwa. Mtu akitoka kigumba cha greni 100 kwenda 150 bila kubadili wano, analifanya wano lake lilegee zaidi.

Kuna jaribio la bure la kulithibitisha hilo. Legeza skurubu za juu na za chini za upinde mizunguko miwili kila moja, kwa usawa, ili nguvu ya kuvuta ipungue. Piga tena. Pengo kati ya vigumba na ncha likipungua, wano lako ni laini mno kwa upinde ule. Likiongezeka, ni gumu mno. Upinde wa shemeji ulijibu mara moja: pengo lilipungua kwa nusu. Alikuwa ameongeza nguvu ya upinde wakati wa kiangazi na hakuyagusa mawano. Tuliacha upinde kwenye nguvu ile ya chini, tukasogeza egemeo milimita moja kulia, na kufikia saa nne vigumba na ncha vilikuwa vinagombania sehemu moja. Vigumba ni vilevile alivyotaka kuvirudisha.

Vigumba vinatawanyika, kila kimoja kwake

Hii ni mbaya zaidi, na mara nyingi haina uhusiano na egemeo.

Andika namba kwenye mishale. Nasema andika, usikariri. Piga mishale sita yenye vigumba, mmoja mmoja, siku tatu, na uweke kumbukumbu mshale gani ulitua wapi. Mshale namba 4 ukienda juu kulia kila siku, una kasoro yake: uupekeche, na ukiwa safi, zungusha kishikizo robo mzunguko ili wano likae tofauti kwenye upote. Wano la kaboni lina upande mgumu na upande laini, na wakati mwingine robo mzunguko tu inaurudisha mshale kundini.

Mishale ikitawanyika bila mpangilio, leo namba 4, kesho namba 2, basi ni mkono. Kiganja kinachoukaba upinde huusokota wakati wa kuachia. Ncha ya mazoezi husamehe hilo, kigumba hakisamehe. Upinde ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vikiwa vimelegea, na uso usiukandamize upote. Nimeona mtu akipunguza mtawanyiko wake kwa nusu kwa kubadili namna ya kushika tu.

Sababu ya tatu ni nyoya ndogo. Nyoya fupi zilizonyooka zinatosha kwa ncha ya mazoezi, lakini kigumba chenye makali matatu yasiyokunjuka kinataka nyoya ndefu kidogo au nyoya nne, zilizobandikwa kwa mshazari ili mshale uzunguke. Mshale unaozunguka husawazisha kasoro ndogo za kigumba njiani.

Hapa ndipo uchaguzi wa kigumba unapoanza kuwa na maana. Kigumba kirefu chenye makali mapana kina bawa kubwa mbele. Kigumba kifupi chenye upana wa milimita 27 au 28 kina bawa dogo. Kama umekwisha rekebisha yote na bado vinatawanyika kwenye mita 50, punguza ukubwa wa kigumba kabla ya kukimbilia vya kukunjuka, vile ambavyo makali yake hupaa yakiwa yamefungwa na kufunguka yakimpiga mnyama.

Mita 35 safi, mita 55 hovyo

Vigumba na ncha vimeungana karibu, kisha mbali vinaachana. Sehemu ya sababu ni hilohilo kosa la upinde, ila dogo, umbali unalikuza. Rudi kwenye egemeo, robo milimita. Lakini kuna mambo mengine matatu ambayo hayamo kwenye upinde kabisa.

La kwanza ni ulalo wa upinde. Mshale unaotoka kwa mita 85 kwa sekunde huanguka kama mita 2.2 chini ya mstari wake wa kutoka kabla haujafika mita 55. Ukiulaza upinde digrii tatu tu, jambo rahisi kabisa ukiwa umesimama kwenye mteremko, sehemu ya anguko hilo inageuka kuwa kosa la pembeni: sentimita 11 au 12. Ndiyo maana kwenye pini kuna kile kichupa cha maji chenye povu, pimamaji kama la mwashi. Litazame kila unapovuta, na hakikisha lenyewe limefungwa sawa.

La pili ni umbali wenyewe. Kwenye mita 20, ukikosea makadirio kwa mita 5 mshale unapotea kama sentimita 7. Kwenye mita 55, kosa lilelile la mita 5 ni sentimita 20, na mapafu ya ayala hayana nafasi ya kusamehe hizo. Hakuna kigumba kinacholiponya hili. Kipima umbali hakikaukiwi na thamani, na kama mnyama amesogea tangu umpime, mpime tena au mwache.

La tatu ni upepo wa pembeni. Hapa kigumba kina usemi mkubwa. Makali mapana yaliyo bapa hukamata upepo mbele ya mshale na kuugeuza. Yenye matundu katikati hukamata kidogo zaidi, na cha kukunjuka, kikiwa kimefungwa, hukamata kidogo kuliko vyote. Jaribu vigumba vyako siku ya upepo. Watu wengi hufanya mazoezi asubuhi tulivu halafu wanawinda jioni mlimani, ambako hewa haitulii.

Uzito wa mbele nao husaidia. Pima urefu wa mshale kutoka kwenye kishikizo hadi mwisho wa wano, tafuta nusu yake, kisha usawazishe mshale wote, pamoja na kigumba, juu ya kidole. Kwa wano la sentimita 71 nusu ni 35.5. Kama unasawazika kwenye 44.5, umezidi kwa sentimita 9, sawa na karibu asilimia 13. Kati ya 10 na 15 mishale mingi hutulia vizuri. Wako ukiwa chini ya hapo, kigumba cha greni 125, ambacho ni gramu 8, kitakusaidia kuliko cha 100, mradi wano liwe gumu la kutosha kukibeba.

Kigumba kinapiga filimbi, na mnyama anashtuka

Msimamishe mwenzako nyuma ya mti mnene au ukuta imara, pembeni kabisa na mbali na shabaha, asikilize. Baadhi ya vigumba vyenye matundu kwenye makali hulia kama filimbi, na mpigaji mwenyewe hasikii kwa sababu sauti iko mbele yake.

Hesabu yake ni hii. Mshale unahitaji karibu sekunde 0.67 kufika mita 55. Sauti ya upinde inafika kwa sekunde 0.16. Mnyama ana nusu sekunde nzima ya kufanya atakalo. Ayala akishtuka hukunja miguu ili ajirushe, na kiumbe chochote kinachoanguka bure kwa theluthi ya sekunde hushuka zaidi ya nusu mita. Mshale uliolenga mapafu unapita juu ya mgongo, au mbaya zaidi, unapiga juu ya mapafu na mnyama anakimbia na jeraha. Elki mara nyingi hashtuki hivyo, lakini hatua moja tu ya kutembea ndani ya muda huo inahamisha mshale kutoka mapafuni hadi tumboni.

Ukisikia filimbi, badili ununue chenye makali yasiyo na matundu, kifupi, ili usirudishe tatizo la upepo. Na uchague mnyama aliyetulia, kichwa kikiwa chini, anakula. Mnyama aliyeinua kichwa kukutazama kwenye mita 50 simpigi, kigumba kiwe cha namna gani.

Kimepiga mahali pazuri lakini hakikuingia

Nililelewa upande wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni majirani zetu. Wana mishale ya namna kwa namna: ya mbao tupu kwa ndege na wanyama wadogo, ya chuma kwa wakubwa, na ya chuma iliyopakwa sumu, inayotokana na mimea, kwa wakubwa zaidi. Sumu ikishaingia, kigumba chao hakihitaji kukata sana. Sisi huku hatutumii sumu. Tuna makali peke yake, na mnyama hufa kwa damu inayotoka haraka au hafi ipasavyo. Kwa hiyo kigumba kisichoingia hadi kutokea upande wa pili ni jambo la kulitafutia sababu bila kupumzika.

Sababu ya kwanza ni butu. Kigumba ulichofanyia mazoezi kwenye povu hakifai tena kuwindia mpaka ukinoe upya. Tandaza mpira wa kufungia noti kwenye fremu ndogo, uguse kwa makali bila kukandamiza. Usipokatika, rudi kwenye kinoo na ngozi. Makali yaliyokaa kwenye podo mwezi mzima mvuani hushika kutu usiyoiona. Paka mafuta kidogo.

Sababu ya pili ni cha kukunjuka kwenye upinde dhaifu. Kigumba cha kukunjuka hukata upana wa milimita 38 hadi 50, na kufunguka kwake hula nguvu ya mshale, halafu tundu kubwa linakula nyingine. Kwenye mita 55 mshale umekwisha punguza mwendo. Kwa ayala, na upinde wenye nguvu, kinafanya kazi vizuri. Kwa elki, mwenye mbavu nene na bega kama ubao, na mpigaji mwenye mvuto mfupi au upinde mwepesi, simshauri mtu. Kuna pia wanyama wanaopigwa kwa mshazari: vile ambavyo makali yake hukunjuka kutoka mbele kwenda nyuma vinaweza kung'ata ngozi na kuuchepusha mshale kabla ya kuzama. Na ukikuta kimefunguka ndani ya podo, au hewani, badilisha pete yake ya kushikia kabla ya kila safari.

Sababu ya tatu ni uzito. Ed Ashby, Mmarekani aliyefanya majaribio ya vigumba kwa wanyama halisi Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, ndiye aliyewafanya wawindaji wengi wazungumzie mshale wa greni 650, karibu gramu 42, kwa ajili ya kuvunja mfupa mnene. Namheshimu, na kwa mita 20 ningemfuata bila kubishana. Lakini ukichukua upinde uleule unaorusha greni 450 kwa mita 85 kwa sekunde, ukaupa greni 650, kasi inashuka hadi mita 73 hivi. Lile kosa la makadirio la mita 5 kwenye mita 55 linatoka sentimita 20 hadi kama 27. Unapata mshale unaovunja bega, na unaongeza uwezekano wa kulipiga hilo bega. Kwa elki wa masafa haya mimi nakaa kati ya greni 475 na 525.

Kimeingia, lakini hakuna damu ya kufuata

Mara nyingi tundu ni moja tu, tena juu. Damu inajaa ndani kama maji kwenye ndoo, haimwagiki mpaka ifike tunduni. Kigumba kinachotokea upande wa pili, chini, hutatua hili kuliko kigumba kipana kinachobaki ndani. Cha makali mawili hupenya vyema sana lakini tundu lake ni mpasuko unaoweza kujifunga. Makali matatu au manne huacha tundu linalobaki wazi.

Kabla ya kulaumu kigumba, soma mshale. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu: subiri nusu saa. Nyekundu iliyokoza ni ini: subiri muda wa saa tatu au nne. Majimaji ya kijani yenye harufu ni tumbo, na hapo usimfuate kabla muda wa saa sita haujapita, bora zaidi hata saa kumi na mbili, la sivyo utamwamsha na kumpoteza bondeni. Nilimpoteza elki jike mmoja hivyo, nikiwa na haraka ya giza. Nilimtafuta siku mbili. Bado nalifahamu kila kichaka cha bonde lile.

Ninachofunga kwenye wano langu

Kwa elki wa mita 45 na zaidi natumia kigumba kifupi kisichokunjuka, makali matatu, chuma kigumu, upana wa milimita 28, greni 125, juu ya wano la namba 300, nyoya nne za mshazari. Colorado inataka upana usiopungua inchi 7/8, yaani milimita 22, na makali ya chuma yasiyopungua mawili, kwa hiyo niko ndani ya sheria. Majimbo mengine yana masharti yao kuhusu vya kukunjuka na vyenye miba ya kurudi nyuma, na hubadilika; kijitabu cha mwaka huo ndicho cha kusoma. Shemeji, anayewinda ayala tu kwenye nyika ya wazi yenye upepo, alibaki na vya kukunjuka vya milimita 38 kwa akiba, na kwa upinde wake sina ubishi naye.

Nunua pakiti mbili za aina moja. Moja ni ya mazoezi, moja haiguswi ila kupekechwa na kunolewa.

Umbali wangu siupimi kwa kundi zuri la Jumamosi. Kuanzia Julai natoka asubuhi kabla ya kazi, misuli bado baridi, napiga mshale mmoja wenye kigumba, nautia alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, narudi ndani. Mmoja tu, kwa sababu mlimani ni mmoja. Karatasi ya mwaka huu inaniambia mita 45. Elki akisimama kwenye 60, naweka upinde majanini, naangalia upepo unatoka wapi, na kuanza kutambaa.